Maoni Juu ya "Mzimu wa Watu wa Kale" na Nafasi ya Hadithi za Upelelezi Darasani

Katika vyuo vyetu vya ualimu kuna desturi ya kuvigawa vitabu vya hadithi katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la vitabu vinavyohesabiwa kuwa na mafunzo, navyo huingizwa katika azimio la kazi na kutungiwa maswali. Fungu la pili ni la vitabu vya kujiburudisha, ambavyo mwanachuo huvisoma bwenini usiku kwa mwanga wa simu na kuvitia chini ya mto mkufunzi apitapo. Hadithi za upelelezi zimetiwa katika fungu hili la pili kwa miaka mingi. Nia yangu katika makala haya ni kueleza kwa nini naona mgawanyo huo una kosa, na jinsi kosa hilo lilivyonipata mimi mwenyewe nilipokuwa mwalimu kijana.

Kitabu ninachotaka kukijadili si kipya. Ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, mwandishi aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918 na kufariki mwaka 1991. Hadithi hiyo ilipata zawadi ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi za Kiswahili ya mwaka 1957/58 yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1960. Mwandishi alikuwa mtu wa magazeti: mwaka 1948 alikuwa mhariri wa Zanzibari, na kuanzia mwaka 1958 alifanya kazi katika gazeti la Mkulima hadi alipostaafu mwaka 1968. Huyu ni mtu aliyezoea kuuliza nani, wapi na lini kabla ya kuandika, na mazoea hayo yanaonekana katika hadithi zake zote. Baada ya kitabu hicho cha kwanza vilifuata Kisima cha Giningi (1968), Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974) na vingine, hata Kosa la Bwana Msa (1984).

Bwana Msa ndiye mpelelezi wa hadithi hizo. Si askari wala si hakimu. Ni mtu mtulivu mwenye kiko, na ana rafiki aitwaye Najum ambaye huyaona karibu yote anayoyaona Bwana Msa lakini hayaunganishi. Aliyepata kusoma hadithi za Sherlock Holmes, ambazo Mwingereza Arthur Conan Doyle alianza kuzitoa mwaka 1887, atawatambua wawili hawa mara moja. Kuna wanaouona mkopo huo kuwa ni upungufu. Mimi siuoni hivyo. Abdulla alikichukua kipando cha ugenini akakiotesha katika udongo wa Unguja, penye mashamba ya minazi na mikarafuu, penye urithi unaogombewa na maneno yanayosemwa kwa mafumbo barazani, na mti ukamea. Kabla yake nathari yetu ya kubuni ilikaa karibu zaidi na ngano na mfano. Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, kinatupeleka katika nchi isiyokuwako ili tujione. Abdulla alituonyesha watu wa jirani, wenye kazi na majina na deni, kisha akatutaka tuwatilie shaka mmoja mmoja.

Mambo yenyewe huanzia katika kifo. Mtu mwenye mali anakutwa ameuawa, na mahali alipokutwa ni mzimuni, pale ambapo wenyeji huwakumbuka watu wa kale na kuwaogopa. Kwa wengi hapo hapana tena swali la kuuliza. Bwana Msa anaanza kuuliza wakati wenziwe wamekwisha kujibu. Ni nani aliyemwua marehemu sitasema, ijapokuwa kitabu kimekuwako kwa miaka zaidi ya sitini. Mwalimu mwanafunzi atakayesimama mbele ya darasa na jina alilolipata kwa mwenzake, badala ya kulipata katika kurasa, hatakuwa na kitu cha kufundisha.

Yafaa tutazame jina la kitabu. Jina lenyewe ni mtego. Msomaji hukifungua akitazamia mambo ya pepo na wahenga, na kitabu kinamwacha atazamie hivyo kwa muda. Kisha polepole anaanza kuona kwamba mzimu umewekwa pale kama pazia. Mwuaji hana haja ya kujificha kwa ustadi mkubwa ikiwa watu wote wako tayari kumfichia kwa hofu yao. Kwa maoni yangu hilo ndilo jambo kubwa katika kitabu hiki, kubwa kuliko ufundi wa Bwana Msa wa kufumbua mafumbo: kwamba uvumi una mwenye kufaidika nao. Nimekisoma mara nyingi tangu nianze kazi ya ukufunzi, na kila mara hapo ndipo husimama.

Wanachuo wetu hufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani ambazo ni jirani kwenye ramani lakini hazifanani sana darasani. Muhula mmoja nilikwenda kumtazama mwanachuo katika shule ya kijijini upande wa Kisarawe, mahali ambapo watu huishi kwa mihogo na korosho. Nchi hiyo kwa asili ni ya Wazaramo, na watoto wake hawahitaji kuelezwa mzimu ni kitu gani. Wanajua ni mbuyu upi usiookotwa kuni chini yake, na bibi yupi hupita hapo akiwa amevua ndala. Mwanachuo wetu, kijana aliyetoka mikoa ya kaskazini, alilisomea darasa la sita sehemu fupi inayohusu maiti kukutwa mzimuni. Alisoma vizuri, kwa sauti ya kupanda na kushuka, na watoto wakanyamaza kabisa. Alipofunga kitabu, mvulana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha kidole akasema, "Mwalimu, huyo marehemu alikata mti wa pale. Ndiyo maana."

Mwalimu akacheka. Hakucheka kwa ubaya. Nadhani alifurahi kwamba somo limeingia. Lakini darasa zima likacheka pamoja naye, mvulana akaketi, na hakunyosha tena kidole hadi kengele. Somo likaendelea kama lilivyoandikwa katika maandalio: maneno mapya ubaoni, yaani mzimu, maiti, mpelelezi na shuku, kisha maswali. "Bwana Msa alikuwa mtu wa namna gani?" "Alikuwa hodari." "Hadithi hii inatufundisha nini?" "Inatufundisha kwamba ushirikina ni mbaya." Mimi nami, niliyekaa nyuma na fomu yangu, nilimpa alama nzuri kwa matumizi ya ubao na kwa usomaji. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu wa pekee aliyefikiri katika kipindi kile alikuwa amenyamazishwa.

Natumia neno kufikiri kwa makusudi. Yule mvulana alikuwa amepata tukio, akalitafutia sababu. Sababu aliyoitoa haimo katika kitabu, lakini hatua aliyoichukua ndiyo hatua ya kwanza ya kila upelelezi, na ndiyo hatua ya kwanza ya sayansi pia. Kilichotakiwa kwa mwalimu hakikuwa kukubali wala kukataa. Zilitosha sentensi mbili: "Umejuaje kwamba alikata mti? Hebu tukatafute palipoandikwa." Mtoto angerudi katika ukurasa akatafuta, asione mti uliokatwa, akarudi akiwa amejibiwa na kitabu. Kujibiwa na kitabu hakumwaibishi mtu. Kuchekwa na mwalimu kunamwaibisha, na mtoto aliyeaibishwa haachi alichokiamini. Anaacha tu kukisema mbele yako.

Nilipokuwa katika gari nikirudi sikumlaumu sana yule kijana, kwa kuwa nilikumbuka yangu.

Mzimu wa Watu wa Kale nilikisoma nikiwa mwanafunzi wa sekondari. Niliweza kueleza sifa za Bwana Msa, matumizi ya tamathali za semi na dhamira kuu, nami nilipata alama nzuri. Miaka michache baadaye nilikuwa mwalimu mpya wa darasa la tano katika shule ya kijijini. Siku moja fedha za mchango wa karatasi za mtihani, shilingi elfu sita na ushee, hazikuonekana mezani pangu. Niliwauliza watoto, wakanyamaza. Niliwatisha kwa fimbo, wakanyamaza. Ndipo nikakumbuka hila ambayo nilikuwa nimeisikia tangu utotoni na ambayo walimu wengi wanaijua. Nilikata vijiti vya urefu mmoja, nikampa kila mtoto chake, nikawaambia wavirudishe kesho, na kwamba cha mwizi kitarefuka usiku kwa upana wa kidole. Hesabu yake inafahamika: mwizi ataogopa, atakipunguza kijiti chake, na kesho yake kitakuwa kifupi.

Kesho yake kijiti kimoja kilikuwa kifupi. Kilikuwa cha msichana mmoja mpole, asiyekuwa na baba, aliyekaa karibu na mlango. Darasa likapiga kelele kabla mimi sijasema neno. Nilimpa adhabu, nikamwita mama yake, na mama akalipa zile fedha kwa mafungu matatu. Wiki mbili zikapita. Nilipokuwa nikijumlisha mahudhurio ya mwezi niliona jalada la daftari la mahudhurio limevimba. Fedha zilikuwa humo, kati ya jalada na karatasi ya kaki niliyolifunikia mimi mwenyewe.

Nilimwita yule msichana nikamwuliza kwa nini alikikata kijiti. Alisema alikuwa ameogopa. Alijua hakuiba, lakini alijua pia kwamba vitu vya namna ile vinaweza kukosea, na kikirefuka chake hapana atakayemwamini. Basi alikipunguza kidogo ili kikirefuka kiwe sawa na vya wenziwe.

Fikra za mtoto huyo zilikuwa safi kuliko zangu. Mimi niliamini kwamba anayeogopa ndiye mwenye hatia, na kijiti changu hakikupima wizi hata kidogo; kilipima hofu. Nilikuwa nimejijengea mzimu wangu mdogo wa vijiti, nikakaa kando nikingoja uniletee mtu. Hakuna swali hata moja la Bwana Msa lililonijia. Nani alikuwa wa mwisho kuziona zile fedha? Mimi. Zilikuwa wapi? Juu ya daftari. Daftari lilikwenda wapi? Nililibeba mwenyewe hadi ofisini. Maswali matatu ya namna hiyo yangemaliza jambo kabla ya mapumziko. Niliwaeleza watoto ukweli mbele ya mwalimu mkuu, na fedha za mama zikarudishwa, lakini jina alilopachikwa yule msichana halikurudi nami, na mwaka uliofuata alihamishiwa kwa shangazi yake. Nasimulia haya kwa sababu moja tu. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa kitabu kile bila kukisoma kwa namna ya kunisaidia, na waliokisomesha hawakuwa walimu wabaya. Walikisomesha kama tunavyokisomesha sasa.

Upande wa Kibaha shida ni ya aina nyingine. Mji huo ulipata bahati ya mapema katika mambo ya elimu. Mwaka 1963 nchi za Nordiki, kwa kushirikiana na Tanganyika, zilianzisha pale kituo cha elimu, afya na kilimo, na mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa serikali yetu na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Maktaba ni miongoni mwa matunda yake. Watoto wa huko wana kaka na dada waliosoma sekondari na waliokwisha kuwasimulia. Hivyo mwanachuo mmoja alipotangaza kwamba darasa la saba wataanza kusoma habari za Bwana Msa, mtoto mmoja alilitaja jina la mwuaji kabla kitabu hakijafunguliwa. Mwanachuo alikasirika, na siku mbili za kwanza zilikuwa mbovu. Siku ya tatu alifanya jambo ambalo mimi nisingelibuni. Aliliandika jina lile ubaoni kwa herufi kubwa akasema, "Haya, ndiye. Sasa mimi ni wakili wake, nasema mmemsingizia. Nithibitishieni." Kwa wiki nzima watoto walipekua kurasa wakitafuta mahali ambapo mwandishi alikuwa ameiacha dalili kisha akaifunika. Mara mbili walikubaliana wenyewe kwamba dalili waliyoileta haitoshi kumtia mtu hatiani. Nimehudhuria vipindi vingi vya ufahamu, na sijaona watoto wakirudia ukurasa mmoja mara nne kwa hiari yao isipokuwa siku hizo.

Kutokana na mambo hayo nimekuwa nikiwashauri wanachuo namna ya kuiongoza kazi hii, na nieleze hapa kwa kifupi jinsi inavyokwenda. Kwa kuwa nakala hazitoshi, mwalimu husoma kwa sauti. Hilo si hasara, kwa sababu hadithi ya upelelezi huishi katika kungoja. Kazi kubwa ya maandalio ni kuchagua mahali pa kusimama. Pafaapo ni pale ambapo msomaji amekwisha kupewa la kutosha kumwezesha kukisia na bado hajapewa la kumhakikishia. Hapo kitabu hufungwa na ubao hugawanywa katika safu tatu: kilichoonekana, kilichosemwa na mtu, na tunachodhani sisi. Watoto husema, mwalimu huandika, na ugomvi wote wa somo huwa ni neno gani liingie safu ipi. Mtoto akisema "marehemu alikuwa na maadui", wenziwe watamwuliza kama hilo limeonekana au limesemwa, na kama limesemwa, ni nani aliyelisema na alikuwa na haja gani. Mwalimu afanye bidii ya kunyamaza. Ubao usifutwe, kipindi kinachofuata safu ya tatu hupitiwa upya, na dhana iliyokufa hupigwa mstari mmoja, si kufutwa, ili aliyeitoa aone kwamba ilikuwa kazi halali. Maneno magumu yaelezwe yanapotokea kwa sentensi moja. Kuanza na orodha ya msamiati ishirini ni kuipoza chai kabla ya kuwatilia wageni.

Ni dhahiri kwamba njia hii inakula muda, na mwanachuo ataniuliza itaingiaje wakati mtihani unataka majibu ya kuchagua herufi. Sina jibu zuri. Naweza kusema tu kwamba mtoto aliyezoea kuuliza "imeandikwa wapi" hudanganywa kwa shida hata na yale majibu ya kuchagua ya karatasi ya mtihani, ambayo mengi yake yametungwa ili yafanane na kweli.

Nisieleweke kwamba kitabu hakina kasoro au kwamba kinafaa kila darasa. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa, kitamu na chenye mzaha, lakini kuna vifungu ambavyo mtoto wa Kisarawe, ambaye naye ni mtu wa pwani, hukwama. Kinahusu mambo ya watu wazima, mauaji na mali, na mwalimu wa shule ya msingi hana budi kuchagua sehemu na kusimulia nyingine kwa maneno yake. Chini ya darasa la sita singekipeleka. Kasoro inayoniudhi zaidi ni tabia ya Bwana Msa mwenyewe. Hupenda kuweka mambo kifuani. Huvuta kiko, hutabasamu, halafu mwishoni hueleza yote kwa mkupuo, na msomaji ana haki ya kulalamika kwamba alinyimwa baadhi ya yale aliyoyaona mpelelezi. Watoto wakilalamika hivyo, msiwakataze, wamekuwa wahakiki. Ipo pia hatari ya watoto kudhani kwamba ukweli ni kazi ya mtu mmoja mwenye akili kupita wote, nasi tukae tumngoje. Ndiyo maana napenda safu zile tatu, kwa kuwa humo hapana Bwana Msa, kuna darasa.

Wala si kila kitabu chenye maiti na bastola ni cha aina hii. Katika miaka ya sabini zilienea riwaya za ujasusi kama Kufa na Kupona ya Elvis Musiba (1974), ambamo Willy Gamba hupambana na maadui kwa nguvu na silaha. Nilizisoma kwa furaha na sioni haya kusema hivyo. Lakini humo msomaji hukimbia nyuma ya shujaa; haombwi kupima neno la mtu. Kwa kazi ya darasani tofauti hiyo ni kubwa.

Limebaki jambo zito, nalo ni la imani za wazee. Mwalimu mgeni kijijini anaweza kukichukua kitabu hiki kama fimbo ya kuwapigia wenyeji. Atakosea. Kufagia mahali walipozikwa waliotutangulia na kuwataja kwa heshima hakumdhuru mtu, na hadithi inaweza kusomwa bila kuwataka watoto wawacheke bibi zao. Kinachodhuru ni hatua inayofuata, pale kifo au maradhi yanapopewa sababu isiyopimika, na sababu hiyo ikapewa jina la jirani. Nchi yetu imekuwa na Sheria ya Uchawi tangu mwaka 1928, na hata hivyo katika mikoa ya Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa kuwa na macho mekundu tu. Mwanamke aliyepikia moshi wa kuni na samadi kwa miaka hamsini, katika jiko lisilo na dirisha, atakuwa na macho gani? Wekeni jambo hilo katika safu tatu. Macho mekundu yameonekana. Uchawi umesemwa. Ni nani aliyesema kwanza, na shamba la yule bibi linapakana na la nani?

Nilirudi kwa yule mwanachuo wa Kisarawe baada ya wiki mbili. Tulikuwa tumezungumza kwa kirefu, naye alikuwa ameanza kitabu upya tangu ukurasa wa kwanza, akamwomba radhi mvulana wa nyuma mbele ya darasa, jambo ambalo mimi katika umri wake nisingeliweza. Ubao ulikuwa umejaa. Katika safu ya tatu dhana ya mti uliokatwa ilikuwa imepigwa mstari, na kando yake limeandikwa jina la mwenye dhana kwa chaki ya rangi. Karibu na mwisho wa kipindi mvulana huyo alinyosha kidole. Alitaka kujua, kati ya watu wote wa mle kitabuni, ni nani hasa aliyekuwa wa kwanza kusema kwamba ni mzimu. Mwalimu akanitazama. Nikamtikisia kichwa kwamba sitasema, naye akawapa kitabu wakatafute.